Kikundi Chenu Kisiishie Kwenye Ufagio

Kijana mmoja wa Nyalenda, Kisumu, aliniandikia juzi baada ya kuona picha za mtaro wetu mpya. "Dada, sisi tuna kikundi cha vijana, tunazoa taka kando ya mto Auji kila Jumamosi, lakini ikinyesha siku mbili kila kitu kinarudi. Watu wameanza kuchoka. Nyinyi Nakuru mlifanyaje hadi kaunti ikawajengea?" Nilimjibu kwa ufupi usiku uleule. Jibu refu naliweka hapa, maana najua hayuko peke yake, na anayesoma ukurasa huu ni mtu anayeutakia mji wake mema.

Kwanza uelewe Nakuru ilivyokaa. Juu kuna mlima Menengai, chini kuna Ziwa Nakuru, na mji umelala kwenye mteremko. Mvua ikipiga, maji ya barabarani hushuka kutafuta ziwa, na sisi wa mitaa ya chini ndio njia yake. Ziwa lenyewe halina mto unaotoka. Chupa iliyotupwa sokoni asubuhi, ikishafika kule haina pa kwenda tena. Na hilo ndilo ziwa lililoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2011 pamoja na Bogoria na Elementaita. Kwa hiyo mtu akiniambia taka za mtaro ni jambo dogo la akina mama wa mtaani, simkubalii hata kidogo.

Sisi tulianza kwa hasira. Mvua ilikuwa imeingia nyumba za mabati usiku, na mama mmoja jirani yangu akapoteza unga na mkaa wote aliokuwa anauza. Asubuhi watu walitoka na mabeleshi, gambuti na wilbaro ya kuazima kwa fundi wa mjengo. Aliyewahi kuzibua mtaro anajua. Juu ni chupa tupu, hizo reki inazitoa. Chini yake kuna nguo kuukuu, nepi na magunia yaliyooza. Chini kabisa kuna tope jeusi lililoshikamana, ukilipiga jembe linakurudishia mkono. Na tope hilo ukilitoa ukaliacha ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha lote. Lazima lihamishwe, na kulihamisha ni mkokoteni, na mkokoteni ni pesa. Tulichanga. Tukazibua, ukajaa, tukazibua tena.

Aliyetugeuza ni mzee mmoja wa kikundi, karani mstaafu, mtu wa maneno machache. Siku moja tukiwa tunanawa mikono aliuliza, "Hii shida yetu, imeandikwa wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Chifu alijua, watu wa kaunti walikuwa wamepita wakaona, lakini haikuandikwa popote. Mzee akatueleza kwamba bajeti haitengenezwi kwa yale ambayo maofisa wameona wakipita na gari. Hutengenezwa kwa makaratasi yaliyo mezani.

Basi tukashika kalamu. Tulijiandikisha kwanza ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi, na sisi tulikuwa tumepita hapo. Kisha tukaandika barua. Haikuwa ya kulia. Ilisema mtaro unaanza wapi na unaishia wapi, una upana gani, unaziba sehemu gani, nyumba zipi zinaingia maji, na picha tukaambatanisha. Nakala mbili: moja inabaki ofisini, nyingine inapigwa mhuri inarudi nasi. Nakala hiyo ninayo hadi leo. Kona ya juu kulia kuna mhuri wa zambarau, tarehe imeandikwa kwa kalamu juu yake, na kando yake sahihi ya karani isiyosomeka.

Mhuri huo ulitusaidia kuliko mabeleshi yote. Baadaye ofisi moja ilituambia haijawahi kuona barua kutoka kwetu. Mzee hakugombana. Alifungua bahasha akaiweka nakala mezani, na mazungumzo yakabadilika palepale. Nakuomba ulishike hili: usiache barua yako popote bila kurudi na nakala iliyopigwa mhuri.

Halafu kuna suala la wakati. Vikundi vingi hupeleka maombi mwezi wa sita, pesa zikiwa zimeshagawanywa, kisha vinasema serikali haisikii. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Ombi lako liwe limefika kabla ya tarehe hizo. Na siku ya kikao cha ushiriki wa umma msiende wawili. Nendeni wengi, na mmoja awe na maandishi ya kukabidhi, kwa sababu yanayosemwa kwa mdomo pale huishia palepale.

Mkinyamaziwa, kuna Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Unauliza kwa maandishi ombi lenu limefikia wapi, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Unaweza kuandika kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo. Wengi wetu tumenyamaza miaka kwa kuogopa Kiingereza cha ofisini, na haikuwa lazima.

Mtaro ulijengwa. Nikipita pale naona fahari, sitaficha. Lakini siku ya kuuzindua ilinichoma, na bado inanichoma. Alikuja mheshimiwa mmoja na msafara wa watu wenye fulana mpya, wakapigwa picha wakiwa wameshika wilbaro yetu. Mzee wetu wa barua aliketi nyuma, na jina la kikundi halikutajwa hata mara moja. Akina mama waliolibeba tope lile kwa mikono yao walisimama juani hadi mwisho wa hotuba.

Ndiyo maana nawasihi mkatae fulana. Mkatae na bahasha. Kikundi kikishavaa rangi ya mtu, nusu ya mtaa inarudi nyumbani, na msimu wa kura ukipita mnabaki na fulana. Pesa zenu ziandikwe kila shilingi na zisomwe mbele ya wote, hata zikiwa za kununua glavu tu. Na wewe unayesema "mimi ni mpangaji tu, mtaa si wangu", maji hayakuulizi risiti ya kodi yakiingia mlangoni. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji 1 Desemba 2021 tukashangilia barabarani, na hadhi hiyo ni ya mpangaji kama ilivyo ya mwenye nyumba. Tokeni. Andikeni. Ulizeni.

Sasa mdogo wangu wa Nyalenda, kwako kuna tofauti moja. Auji ni mto, si mtaro. Barua moja iende kaunti kuhusu taka na mitaro inayomwaga humo, na nyingine iende Mamlaka ya Rasilimali za Maji kuhusu mto wenyewe. Tembeeni ukingoni mwandike ni sehemu zipi hasa zinaziba. Ukimaliza kuandika nitumie niisome kabla hujaipeleka, maana barua ya kwanza watu huijaza malalamiko wakasahau kutaja ni kutoka wapi hadi wapi.