HP haioni flashi ikiwaka, jaribu hivi kwanza
Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Umesema umechomeka flashi ya Windows kwenye HP lakini kila ukiwasha inaingia Windows ile ile ya zamani, basi usikimbilie kwa fundi kule Chake Chake mana utatoa pesa bure. Washa mashine na hapo hapo kabla alama ya HP haijatoka anza kugonga Esc mfululizo, usiishikilie, igonge tu, menyu ikitoka bonyeza F9 utaona orodha ya vifaa, shuka kwa mishale hadi kwenye jina la flashi halafu Enta. Ingekuwa Dell au Lenovo kawaida ni F12.

Ikikuwahi ikaingia Windows ya zamani, usizime, ifanyie ristati, kwa sababu Windows 10 na 11 ukizima mara nyingi haizimi kikweli, inalala nusu ili iwake haraka. Flashi isipotokea kabisa nadhani faili la ISO, yaani lile faili moja lenye Windows nzima, umelikopi tu kama unavokopi picha, hiyo haiwaki, liandike kwenye flashi kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi inayowaka. Na tafadhali sana, kabla hujaanza hamisha kazi zako na picha za familia, ukishafomati diski kuzirudisha ni tabu kubwa.