Kabla ya Kuchapa Mikebe kwa Printa ya Kidijitali

Wanaoniomba ushauri kuhusu kupamba mikebe kwa printa ya kurusha wino huanza kwa kuuliza picha itang'aa kiasi gani, ilhali kazi imenizoesha kuuliza kwanza bati litafanywa nini likishatoka kwenye printa. Karatasi hunywa wino, bati halinywi. Matone hubaki juu ya uso na kukaushwa papo hapo kwa mwanga wa urujuanimno, hivyo kushika kwa wino hutegemea usafi wa bati na rangi ya msingi iliyopakwa kabla. Mafuta ya kiwandani, hata yasiyoonekana kwa macho, yanatosha kuufanya wino ujikusanye au ubanduke.

Jaribio la kupima kushika kwa wino kwa kuuchanja miraba midogo, kubandika utepe na kuubandua, lililoelezwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 2409, ni zuri, ila lisiishie kwenye bati bapa. Mkebe hupindwa na kukunjwa ukingoni, na ule wa chakula mara nyingi hupikwa ukiwa umeshafungwa, kwenye joto la nyuzi 121 za Selsiasi hivi. Wino uliokauka ukawa mgumu mno hupasuka kwenye mkunjo, kwa hiyo jaribu mkebe uliokamilika.

Rangi nne za kawaida za uchapaji (samawati, majenta, manjano na nyeusi) hupitisha mwanga, na bila nyeupe chini yake picha hufifia na kuchukua kijivu cha bati. Mimi hupenda kutoiweka nyeupe makusudi mahali fulani, kwa kuwa manjano juu ya bati tupu hufanana na dhahabu. Wino mweupe, hata hivyo, ndio msumbufu kuliko yote: chembe zake za titani dioksidi ni nzito, hutuama, na usipozungushwa muda wote huziba matundu ya kichwa cha printa kinachorusha wino.

Kwa kasi, ofseti, yaani uchapaji wa kutumia pleti zenye mchoro, haina mpinzani, maana laini zake za makopo ya vinywaji huchapa zaidi ya makopo 1,000 kwa dakika. Printa ya kidijitali haihitaji pleti, na faida yake iko kwenye oda ndogo na michoro inayobadilika mara kwa mara.

Kwa vyakula, mwombe muuza wino hati za usalama wake, kisha kagua namna mabati yanavyopangwa baada ya kuchapwa. Yakilaliana wino haujakauka sawasawa, kemikali za bati la chini huhamia mgongoni mwa lile la juu, na mgongo huo ndio utakaokuwa ndani ya mkebe.