Re: Lebo imeandikwa Retepora, Zanzibar 1902, sasa niiweke wapi?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nimekufahamu, una kipande kikavu cha briozoa (vijinyama vidogo vya baharini vinavyoishi pamoja kwa koloni, yaani kundi lililoshikana) chenye matundu kama lesi, lebo ya zamani inasema Retepora, jina la jenasi, na kwenye orodha za sasa hulioni hilo jina mahala pake. Lebo usiitoe! Zamani karibu kila chenye matundu hivyo kilitiwa humo, siku hizi vimegaiwa kwenye jenasi za Reteporella, Iodictyum, Triphyllozoon na wenzao.

Mwanzo angalia huo mwaka, maana Cyril Crossland, mtaalamu wa wanyama wa baharini, alikusanya huku kwetu 1901–1902 na Waters, mtaalamu wa briozoa, akaja kuandika briozoa zake 1913, kwa hivyo chako kinaweza kuwa cha fungu hilohilo, na kama ndicho kilichotumika kutolea jina basi hukikwangui wala hukivunji mpaka wenyewe wakuruhusu.

Baadae tia kwenye hadubini, taa ipige kwa ubavuni. Umbo la koloni linadanganya sana, mie hutafuta vile vijumba vyenye kifuko cha mayai kwa mbele: kifuko kikiwa na ufa mmoja wa wima, anza na Reteporella, ufa uliogawika matawi matatu hiyo Triphyllozoon. Ikiwa uchafu umeziba na una ruhusa, kata ncha ndogo tu, roweka kwenye jiki iliyozimuliwa, suuza mpaka harufu iishe, anika. Ila briozoa laini zisizo na chokaa usizitie jiki, zitayeyuka zote, na hizo mimi siziwezi, muulize mwengine.

Tupia picha za hivyo vifuko tuone.