Maswali ya Wasomaji: Mfupa Umeunga, Mbona Mkono Haunyooki?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mwanangu wa miaka 16 alivunjika mkono karibu na kiwiko. Amekaa na plasta wiki 6, picha imepigwa na daktari amesema mfupa umeunga vizuri. Lakini mkono umekonda, kiwiko hakinyooki, na akijaribu kuinua ndoo anaumia. Kuna jambo tumefichwa? *Mama mwenye wasiwasi*

Jibu: Marahaba mama, na umpe pole mwanao. Hamjafichwa kitu. Daktari wa mifupa amemaliza sehemu yake; imebaki ya misuli na kiungo, na hiyo ndiyo kazi yetu sisi watu wa fiziotherapia.

Kuna jambo moja ambalo natamani kila mtu alijue: msuli huvuta tu, hausukumi, sawa na kamba. Shika mkono wako mbele, kati ya bega na kiwiko, kisha ukunje. Utauhisi msuli ukituna na kuwa mgumu. Huo ni baisepsi. Sasa weka kiganja juu ya meza na ukandamize kwa nguvu: safari hii unaokaza ni wa nyuma, traisepsi. Wa mbele hukunja, wa nyuma hunyoosha, na mmoja unapokaza neva huuamuru mwenzake ulegee. Basi upande mmoja ukidhoofu au ukifupika, kiungo kizima hukosa uhuru.

Mwanao alikaa wiki zote hizo kiwiko kikiwa kimekunjwa. Msuli wa mbele umezoea ufupi, wa nyuma haukupata kazi, na msuli usio na kazi hukonda upesi. Nikimpokea mgonjwa aliyetoka kufunguliwa plasta, kabla ya lolote huzungusha utepe kwenye mikono yote miwili. Karibu kila mara uliofungwa ndio mwembamba. Tofauti hiyo naiandika, ili wiki zinavyokwenda familia ione inavyopungua.

Kiungo nacho kina dai lake. Kwenye kiwiko hukutana mifupa mitatu, na ncha zake zimefunikwa gegedu, tishu yenye utelezi ambayo haina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute wa kiungo, nao huingia na kutoka kiungo kinapobanwa na kuachiwa, yaani kinapotumika. Kisipotumika, mfuko unaokizunguka hukakamaa, na kiwiko ni kikaidi kuliko viungo vingi.

Ama ndoo, hebu tupige hesabu. Baisepsi imejishikiza kwenye mfupa wa upande wa kidole gumba, sentimita 5 hivi kutoka kiwiko, ilhali kiganja kiko sentimita 35 hivi. Kilo 5 kiganjani, kiwiko kikiwa kimekunjwa, zinautaka msuli uvute kana kwamba umebeba kilo 35. Mwili umekubali gharama hiyo kwa sababu inaleta kasi: msuli ukifupika kidogo tu, kiganja huenda mbali. Mkono wenye afya huimudu. Wa mwanao bado, kwa hiyo ndoo isubiri.

Akunje na kunyoosha mwenyewe, taratibu, kwa vipindi vifupi mara nyingi kwa siku, mpaka pale panapovuta bila maumivu makali. Na hapa nakuomba sana, mama: mtu yeyote asiuvute mkono huo kwa nguvu wala kuukanda kwa kukandamiza. Nimepokea watoto waliovutwa na ndugu wenye nia njema kabisa, wakarudi nyuma. Msuli uliojeruhiwa karibu na kiwiko unaweza hata kuota mfupa ndani yake. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, mrudishe hospitali siku hiyohiyo.

Swali: Vidole vyangu ni vyembamba, misuli siioni. Vinakunjwa na nini? *Mwanafunzi*

Jibu: Umechunguza vizuri, mwanangu. Misuli mikubwa inayovikunja iko chini ya kiwiko, nayo huvivuta kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Mingine midogo iko kiganjani. Shika mkono wako chini kidogo ya kiwiko, chezesha vidole, utaihisi.

Jaribu na hili. Weka kiganja mezani, kidole cha kati ukikunje chini yake, kisha inua vingine kimoja kimoja. Cha pete kitagoma, kwa sababu kano ya kukinyoosha imeunganishwa na ya jirani yake nyuma ya kiganja.

Swali: Kuliza vidole huleta baridi yabisi? *Msomaji*

Jibu: Hapana. Kiungo kikipanuliwa ghafla, shinikizo la ute hushuka na gesi iliyoyeyuka humo hufanya povu. Gesi huchukua kama dakika 20 kuyeyuka tena, ndiyo maana kidole hakilii mara mbili mfululizo. Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, aliliza vidole vya mkono wa kushoto peke yake kwa miaka 50, na mwaka 1998 akaandika kwamba hakuna mkono uliopata baridi yabisi. Mtu mmoja hatoshi kuwa ushahidi, ila tafiti za watu wengi nazo hazijaonyesha uhusiano. Kiungo kinacholia huku kinauma, kimevimba au kinakwama, hicho nenda ukakionyeshe.