Umbo la Bennu lilipatikana kwa rada

Unasema umbo la asteroidi Bennu (jiwe linalozunguka Jua) kwenye michoro ya kabla ya 2018 lilibuniwa na wasanii. Hapana mkuu, lilitoka kwenye mwangwi wa rada. Wanasayansi walipiga mawimbi ya redio kutoka kwenye antena kubwa za Arecibo kule Puerto Rico na Goldstone kule California, 1999 na 2005, wakapima vitu viwili tu: mwangwi umechelewa kiasi gani (sehemu iliyo karibu nasi inarudisha mapema) na masafa ya mawimbi (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yamehama kiasi gani, maana jiwe linazunguka, upande unaotujia unayapandisha na unaotukimbia unayashusha. Sasa hapo bado hujapata umbo, kwa sababu pointi ya kaskazini na ya kusini zinaweza kutoa namba zilezile kabisa, ndo maana wanasubiri lizunguke walione kwa pembe tofauti, halafu kompyuta inaanza na umbo la kubahatisha inalifinyangafinyanga mpaka mwangwi wake ufanane na ule uliopimwa. Niliifanyia prezentesheni chuoni, hiyo hatua ya kufinyanga ndo ilinitoa jasho.

Chombo cha NASA cha OSIRIS-REx kilipofika Desemba 2018 kikakuta umbo karibu lilelile, kama pia ile ya watoto kuchezea, kipenyo kama nusu kilomita hivi. Ila uso ndo uliwashangaza, walitegemea laini laini wakakuta mawe kila kona, kwa sababu vipimo vya joto vya darubini viliwafanya wadhani uso ni wa chembe ndogondogo, na rada ya mbali vile haioni vitu vidogo.