Betri ya moyo ya nyaya kwenda isiyo na waya

Ndugu, umeuliza kama betri ya moyo ya mama (pacemaker, kifaa kinachousaidia moyo kupiga), ambayo ni ya nyaya na inakaribia kuisha, inaweza kubadilishwa iwe isiyo na waya. Inawezekana, ila betri kukaribia kuisha peke yake si sababu tosha. Nyaya zikiwa nzima, daktari hufungua pale chini ya mtulinga, akatoa kiboksi cha zamani na kuunga kipya kwenye nyaya zilezile. Basi.

Isiyo na waya, kama Micra (Marekani waliiidhinisha 2016), ni kidude cha gramu 2 hivi, hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi chemba ya chini kulia ya moyo, kikajishika humo kwa vikulabu. Hufikiriwa zaidi waya ukikatika, mishipa ya kifuani ikiziba, au kukiwa na maambukizi. Maambukizi yakiwepo, kiboksi na nyaya za zamani vyote hung'olewa kwanza. Yasipokuwepo, nyaya mara nyingi huachwa: zimeshagandamana na mshipa, kuzivuta kunaweza kuuchana.

Nasema kama muuguzi wa wodi ya moyo. Tazama kadi yake ya kifaa: kama ni ya nyaya tatu au ile inayoshtua moyo, Micra haichukui nafasi yake.