Gari mkweche na oili: usisubiri taa ikuambie

Siku moja nakata kona, wala si kwa kasi, taa nyekundu ya oili ikawaka ikazima. Mara moja tu, kama mtu anakukonyeza. Nikasema ah, waya huo. Wiki nzima ikawa hivyo hivyo, kwenye kona inawaka, barabara ikinyooka inazima, na mimi naendelea kusingizia waya, mpaka jioni moja nimefungua boneti kumwonyesha rafiki yangu kitu kingine kabisa akaniambia hebu vuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Nikavuta, kavu. Nikaifuta nikarudisha nikavuta tena, kule nchani kabisa kuna kidoa kama cha wino basi. Injini inabeba lita 4, na ili ifike alama ya juu tulimimina lita mbili na nusu. Yaani nilikuwa natembea na lita moja na nusu, ikifika kwenye kona oili yote inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na pampu inavuta hewa.

Na hapo wala sikuwa mtu wa kuacha sevisi, oili nilikuwa nimemwaga na kubadilisha miezi mitatu tu nyuma. Ndo maana nilijiona niko salama. Kumbe kwa gari iliyozeeka kubadilisha ni jambo moja na kuongeza katikati ni jambo lingine, na kusahau hilo la pili ndo kunaua injini za watu kimya kimya.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba ile taa haipimi oili imebaki kiasi gani. Inapima presha. Oili inaweza kupungua nusu nzima na presha bado ipo, taa imezima, wewe unapiga mluzi. Ikianza kuwaka tayari kuna beringi, vile vyuma vinavyobeba shafti inayozunguka, zimekosa oili mahali, hata kama ni kwa sekunde. Ikiwaka ikabaki imewaka zima gari hapo hapo, usiseme nifike tu nyumbani, maana hiyo "nifike tu" ndo injini inanoki, yaani inakufa. Mimi nilipona kwa bahati, sina ujanja wowote.

Sasa hivi napima kila wikiendi kabla sijawasha, gari ikiwa mahali tambarare. Asubuhi ni nzuri kwa sababu oili yote imeshateremka chini usiku. Kama imetoka kutembea zima usubiri dakika kumi hivi, ukipima hapo hapo nyingine bado iko kwenye hedi, sehemu ya juu ya injini, na utaona pungufu halafu utajaza kupita kiasi. Vuta, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, rudisha mpaka mwisho, vuta tena, hiyo ya pili ndo usome. Soma pande zote mbili za dipstiki, upande mmoja ukidanganya amini ule wenye kiwango cha chini.

Kwenye magari mengi kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja. Kwa hiyo ikiwa katikati unataka nusu lita, si galoni! Mimina kidogo, subiri dakika mbili tatu iteremke, pima. Kuna kipindi baada ya yale yaliyonipata nikawa mwoga nikawa najaza mpaka juu ya alama ya juu, nikidhani ikizidi ni akiba. Si akiba. Oili ikizidi sana krenki, ile shafti inayozunguka chini ya injini, inaipiga kama mtu anavyopiga mayai, inatoa povu, na pampu ikivuta povu presha inashuka, pia inatafuta pa kutokea na sili za zamani, ile mipira ya kuzuia kuvuja, ndo za kwanza kukubali. Yangu ilianza kulowanisha nyuma ya injini ndo nikaacha.

Halafu jua gari yako inakula kiasi gani. Mimi nina kidaftari kwenye droo ya gari, naandika kilomita na nilichoongeza, basi. Kula kidogo si ugonjwa, vitabu vya baadhi ya magari vinasema mpaka nusu lita kwa kilomita 1,000 bado ni kawaida, ingawa mimi nikiona hivyo moyo unadunda. Cha kuangalia ni mabadiliko, kama mwaka jana ilikuwa inataka nusu lita kwa kilomita 2,000 na leo ni lita nzima, hapo kuna kitu.

Kitu chenyewe ni kuvuja au kuungua. Tandika karatasi ya boksi chini ya injini usiku, asubuhi itasema yenyewe. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu kabisa cha injini, ikichoka inavuja taratibu na wengi hawaoni kwa sababu oili inadondokea kwenye ekzosi inaungua, unasikia harufu tu ukisimama kwenye foleni. Kama boksi ni safi angalia moshi. Moshi wa bluu ukiwasha asubuhi halafu unaisha, mara nyingi ni valvu sili, vimpira vya kuzuia oili kwenye valvu. Ukitoka bluu kila unapokanyaga mafuta, fikiria ringi za pistoni. Lakini kabla hujakubali kufanyiwa ovahoo mwambie fundi aangalie ile valvu ndogo na mpira wake vinavyotoa hewa ya ndani ya injini kupeleka kwenye inteki, njia ya injini kuvutia hewa, ikiziba presha inajaa ndani na oili inasukumwa nje au inaenda kuungua. Ni kakitu kadogo, na kuna watu wamefungua injini nzima kwa ajili yake.

Kuna jamaa ananiambia yeye hamwagi oili kabisa, gari inakula anaongeza, kwa hiyo oili yake ni mpya siku zote. Nilicheka lakini ukifikiria unaona kwa nini mtu anaamini hivyo. Shida ni kwamba kinachoungua ni oili, uchafu unabaki. Masizi, vyembe vya chuma, asidi, vyote viko mle vinazidi kuwa vizito na hiyo mpya unayoongeza inaingia kwenye tope, na filta ni ile ile ya tangu zamani. Mimi namwaga kila kilomita 5,000, au miezi sita hata kama haijatembea.

Namba za kwenye kopo: ile W ni winta, yaani oili inavyotembea ikiwa ya baridi, na namba ya pili ni uzito wake injini ikishapata moto. Mafundi wengi wakiona gari ya zamani wanakimbilia 20W-50, nzito. Ni kweli inaweza kupunguza moshi na kelele, ila unapowasha asubuhi inachelewa kufika juu, na kuwasha kwa baridi ndo kunakokula injini. Mimi kitabu kinaruhusu 10W-30 na 10W-40, nikachagua hiyo 40 na nimetulia. Ukikwama njiani ukapata ya kampuni nyingine au namba tofauti kidogo, ongeza utembee, kuchanganya oili za injini hakuui, kukosa ndo kunaua. Tu isiwe ya giaboksi.

Kubadilisha mwenyewe si kazi ngumu, ni kazi chafu. Pasha injini dakika chache oili ilegee, isiwe ya kuunguza. Ukiinua gari weka stendi, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kama ni ya kwako na unaiamini. Nati ya sampu ya kumwagia oili legeza kwa spana, mizunguko ya mwisho tumia mkono huku unaisukuma ndani, ukiona imeachia ondoa mkono haraka, la sivyo oili ya moto inashuka mpaka kwenye kwapa, usiniulize nimejuaje. Ile washa, kipete cha kuziba kwenye nati, weka mpya, na usikaze kama unafunga tairi, sampu za aluminiamu zinaliwa uzi hivi hivi.

Filta ndo iliniaibisha. Nilitoa ya zamani, nikapaka oili kidogo kwenye mpira wa mpya, nikafunga kwa mkono, mpira ukigusa injini unaongeza robo tatu ya mzunguko, yote sawasawa. Nikawasha. Dakika haijaisha oili iko chini yote, dimbwi linang'aa mpaka kwenye viatu. Mpira wa filta ya zamani ulibaki umeganda kwenye injini, nikafunga mpya juu yake, mipira miwili haishiki presha. Lita nne zote za mpya! Tangu hapo nikitoa filta cha kwanza naigeuza kuangalia kama mpira umetoka nayo, ndo nachukua mpya.

Ukijaza anza na pungufu kidogo ya kilichoandikwa kitabuni, washa, taa izime ndani ya sekunde chache, chungulia chini, zima, subiri, pima, malizia.

Zile dawa za kusafisha injini kabla ya kumwaga, kwa gari iliyokaa miaka bila matunzo mimi siweki. Tope linang'oka kwa mkupuo linaenda kuziba chujio la pampu. Bora ubadilishe mara mbili tatu kwa kilomita chache, itajisafisha polepole. Na ukikuta oili kwenye dipstiki ina rangi ya chai ya maziwa usiongeze wala usibadilishe, maji yameingia, mara nyingi ni gasketi ya hedi, usiiwashe tena, ivutwe mpaka gereji. Ikiwa ni utando kidogo tu chini ya kifuniko na unatembea safari fupi fupi, huo ni mvuke, itembeze mbali siku moja uone kama unaisha.

Oili chafu naikusanya kwenye dumu lenye kifuniko napelekea wanaoipokea, simwagi chini. Leo asubuhi nimepima, iko robo chini ya alama ya juu, nimeandika kwenye daftari sijaongeza kitu.